Kete Kumi, Fundo Moja

Miongoni mwa sanaa ambazo watu wa Tabora wamezirithi kwa wazee wao, iko moja isiyotajwa katika vitabu vya tarehe, nayo ni sanaa ya kumtengenezea mtoto mdogo, yule ambaye hajafikia umri wa kuandikishwa shule, kitu cha kuchezea kutokana na kile ambacho shamba na jiko vimekisaza. Naisifu bila ya kusita, kwani naitakidi kwamba mtoto aonaye kitu kikiumbwa mbele ya macho yake hupata elimu ambayo hawezi kuipata kwa kitu alicholetewa kutoka dukani kikiwa kimekwisha kukamilika.

Mtama ukishavunwa, mabua husalia shambani maridhawa. Babu au shangazi huchagua bua kavu lisiloguswa na mchwa, akaliambua ganda lake likawa vijiti, na moyo wake mweupe mwororo akaukata vipande. Kisha vijiti huchomekwa katika moyo, bila ya gundi wala msumari, hata likatoka gari, au kitanda, au miwani ya kuvaa puani. Kwa kuwa ganda hilo hukata ngozi upesi, mkubwa ndiye aambuaye na mdogo ndiye achomekaye. Gari hilo aghalabu halifiki magharibi likiwa zima, na hiyo ndiyo fadhila yake kubwa, maana mtoto hutambua kwamba kilichovunjika ni vipande tu, na vipande huungwa upya.

Ama hesabu, ilikuwapo katika njia hii ya misafara tangu zamani. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipowasili Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, alikuta shanga ni fedha ya bara: uzi mmoja wa shanga uliitwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Sioni somo jema kuliko hili kwa mtoto wa miaka minne. Lakini shanga ndogo, kama zilivyo mbegu, ni hatari kwa mtoto atiaye kila kitu kinywani, puani na masikioni. Kwa hiyo chukua kikonyo cha jani la mpapai, ambacho ndani ni kitupu, ukikate mapingili manene, uyaloweke mengine katika maji ya choya na mengine katika manjano, kisha uyaanike kivulini. Sindano haihitajiki: ncha ya uzi ikipakwa nta ya nyuki, ambayo katika nchi hii ya warina asali haikosekani, hukakamaa ikapenya yenyewe. Mtoto atunge kumi, afunge fundo, aanze tena. Na afunge mwenyewe, hata kama fundo lake litafunguka mara nyingi na wasaa wa mzazi ni mchache.

Daktari Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, mjini Roma, mwaka 1907, alithibitisha kwamba akili ya mtoto hukua kwa kazi ya mikono yake. Vifaa vya mtindo wake huuzwa leo kwa bei ghali. Mzazi wa Isevya au Ng'ambo, mjini Tabora, hana haja ya kuvingoja.

Bado udongo, ambao mimi naupenda kuliko vyote. Huchimbwa kando ya mbuga, ukatolewa changarawe, ukafinyangwa kwa maji kidogo kidogo mpaka uache kushika vidoleni. Mpe mtoto donge, wala usimwambie la kufanya. Aghalabu atatoa ng'ombe, akamchomeka vijiti viwili kichwani, na ng'ombe huyo aanikwe kivulini, kwani jua kali humpasua. Na pembe zikidondoka, mkubwa asikimbilie kuzirudisha, maana huenda mtoto amekwisha kuamua kwamba huyo sasa ni punda wa msafara, naye anatafuta majani makavu ya kumfungia mzigo.