Kimya Baada ya Namba ya Mwisho

Ofisi ikihamia laini za dijitali hutegemea simu iite papo hapo. Badala yake fundi huitwa kwa lalamiko la kinyume: mtu amebonyeza namba yote, kukawa kimya sekunde kumi na zaidi, ndipo ikaita. Laini mpya husingiziwa, na mara nyingi haina kosa.

Kwenye analojia muda ulipotelea kweli katika kupeleka namba. Simu ya kuzungusha ilikatakata mkondo wa umeme mara 10 kwa sekunde: tarakimu 1 ni pigo moja, 0 ni mapigo 10, sekunde nzima. Marekani ilipogawa misimbo ya maeneo mwaka 1947, New York ikapata 212, mapigo matano tu. Miji yenye simu nyingi haikupewa tarakimu ndefu. Vitufe vya milio vya kampuni ya Bell, vilivyoingia sokoni mwaka 1963, vilipunguza kazi hiyo. Kila tarakimu ni milio miwili kwa pamoja, na milisekunde 50 za mlio na 50 za kimya zinatosha, hivyo tarakimu 10 huchukua sekunde moja. Swichibodi nayo huongeza yake: hushika laini, husubiri mlio wa kupigia, kisha huibonyeza namba upya kwenda kituoni.

Laini ya dijitali ya E1 hubeba mazungumzo 30, na imetengewa njia ya peke yake ya maagizo, yenye kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde. Namba husafiri humo ndani ya ujumbe mmoja. Tarakimu 10 ni baiti 10: milisekunde moja na ushei.

Kimya kinatoka wapi basi? Kwa swichibodi isiyojua kama umemaliza. Ili itume ujumbe mmoja uliokamilika, lazima kwanza ijue namba inaishia wapi, na asiyeiambia huifanya ingoje. Kipima muda cha kungoja tarakimu inayofuata, T302, kwenye mitambo mingi kimewekwa sekunde 10 hadi 15.

Wapo wanaokishusha hadi sekunde mbili, na hapo anayesoma namba kwenye karatasi hukatwa katikati. Ni tiba ya uvivu. Afadhali swichibodi ifundishwe mpangilio wa namba za nchi: inayoanza na 07 Tanzania ina tarakimu 10, basi ya kumi ikiingia, itume. Za kimataifa ndizo sumbufu, kwani urefu hutofautiana hadi tarakimu 15. Huko kipima muda kibaki, sekunde tano hivi.

Kabla ya kuilaumu kampuni ya simu, piga namba hiyohiyo ukimalizia na alama ya reli, ambayo swichibodi nyingi huichukua kuwa mwisho wa namba. Ikiita mara moja, kazi ni ya fundi wa swichibodi.