Mtega Njia wa Hyrule

Michezo mingi mikubwa ya video ya siku hizi ina hadithi kuu, na kando yake ina misheni za pembeni ambazo mchezaji anaweza kuziruka zote na bado akafika mwisho. Kwa kuwa zinarukika, wengi huzichukulia kama makapi ya kujazia gunia. Mimi naona ndizo zinazopima ufundi wa msanifu kuliko kitu kingine chochote. Katika hadithi kuu anaweza kumfungia mchezaji mlango mpaka atimize alichoagizwa. Pembeni hana mlango wala amri. Amebakiwa na mahali penyewe, na uwezo wake wa kumfanya mtu apatazame. Misheni ya uchunguzi iliyosukwa vizuri humwachia mchezaji jicho kali kuliko alilokuja nalo, na hilo ndilo pato lake kubwa. Ushahidi wangu ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild, mchezo wa Nintendo uliotoka Machi 2017 chini ya uongozi wa Hidemaro Fujibayashi.

Ufundi huo huanzia kwenye ardhi. Fujibayashi ameeleza kwamba aliilaza ramani ya Kyoto, mji wa kwao, juu ya ramani ya Hyrule, ili umbali wa nchi ya kubuni aupime kwa mitaa anayoijua. Mwaka 2017 timu yake iliwaonyesha wasanifu wenzao nchini Japani jinsi mandhari ilivyochongwa kwa pembetatu za ukubwa mbalimbali. Mlima mkubwa humwita mtu kutoka mbali. Kilima cha wastani humziba macho. Mwamba mdogo humlazimu aamue palepale, apande au azunguke. Uwanda mtupu usingeficha kitu, na ukuta ungeficha vyote kwa mpigo. Mteremko hufichua kidogo kidogo: kwanza ncha ya paa, halafu moshi, halafu watu waliouzunguka moto. Aliyekuwa akielekea mnarani hujikuta amekata kushoto, akiamini kwamba wazo lilikuwa lake. Na kweli lilikuwa lake, maana alionyeshwa tu, hakuna aliyemtuma.

Juu ya ardhi hiyo ndipo misheni hutegwa. Kass, mwanamuziki mwenye umbo la ndege anayezunguka Hyrule na akodiani yake, huimba mafumbo ya mahekalu yaliyofichika. Fumbo moja liko karibu na mnara wa Gerudo. Ili kulifumbua, inabidi kusubiri alasiri, kivuli cha mnara kifike kwenye jukwaa dogo, kisha mchezaji asimame hapo alilenge jua kwa mshale. Kazi hii ni ya mtegaji wa vitendawili hasa. Mtegaji hodari huchukua kitu ambacho watu hukiona kila siku, akakisema kwa upande wasiouzoea, hata jibu likitajwa kila mmoja anashangaa lilimpitaje. Kivuli kile kilikuwapo tangu mwanzo wa mchezo, kikifuata jua kila siku ya Hyrule, na hakuna aliyekijali mpaka Kass alipoimba.

Mfano mkali zaidi ni kisiwa cha Eventide, kilicho baharini kwenye pembe ya kusini-mashariki ya ramani. Link, shujaa wa mchezo, akikanyaga tu mchanga wake, sauti humtangazia jaribio, naye huvuliwa silaha, mavazi na chakula chote. Anatakiwa kuweka matufe matatu mahali pake, na moja limening'inia shingoni mwa jitu la jicho moja lililolala. Akiondoka au akifa, mali yake hurudi na jaribio hubaki halijatimizwa. Mchezaji aliyezoea kutegemea upanga sasa hana upanga. Amebaki na nguvu za kibao cha ajabu anachobeba, kama mabomu na sumaku, na yale aliyojifunza katika kuzurura kwake: kwamba adui aliyelala huibiwa silaha, kwamba pipa jekundu hulipuka, kwamba jiwe likisukumwa kutoka mlimani huponda walio chini. Misheni hii haimfundishi jambo jipya. Inamthibitishia kwamba alikuwa akijifunza muda wote alipodhani anatangatanga.

Wapo watakaosema uhuru huu ni maigizo, kwa kuwa kila jibu liliwekwa na mtu kabla. Lakini jibu la kitendawili nalo mtegaji analo tangu mwanzo, na furaha ya kulitegua haipungui kwa sababu hiyo. Wengine watauliza kuna haja gani ya kufumbua wakati YouTube ina majibu yote. Hapo desturi yetu ya vitendawili ina busara: aliyeshindwa hutoa mji, kisha huambiwa jibu. Si aibu, ila kuna kitu amekitoa.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba misheni nyingi za aina hii ni vijazo kwelikweli: ramani zilizotapakaa alama, na mchezaji anazifuta moja moja kama karani. Nakubali, na hata Breath of the Wild haijasalimika, maana mahekalu yake 120 yanafanana mno kwa ndani. Hata hivyo mchezo wenyewe unajua hatari ya kuhesabu. Viumbe wadogo waitwao Korok wamejificha 900 kote Hyrule, na anayewapata wote hutunukiwa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi. Mzaha huo unamlenga mchezaji aliyegeuza safari kuwa orodha. Aliyemwona Korok mmoja kwa sababu jiwe fulani lilikaa vibaya alikwisha kulipwa palepale.

Basi kipimo cha misheni ya pembeni ni rahisi kukisema na kigumu kukifikia. Iondolewe zawadi, kisha tuulize kama mtu bado angekipanda kilima. Kama angepanda, sifa ni ya fundi aliyekichonga na kukipa upande mmoja usioonekana kutoka njiani. Kama asingepanda, kuongeza zawadi ni kukiri kwamba kilima chenyewe hakikuwa na mvuto.