Picha za Ntiro na Makumbi ya Uroa

Ndugu msomaji, usistaajabu kuona mwalimu wa chuo akizungumzia picha. Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji mmoja kwamba, ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Nami nimesimama hapo hapo.

Hata hivyo nimezitazama picha za Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyezaliwa 1923, akasoma Makerere na London, na baada ya Uhuru wa 1961 akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Utaona migomba, vilima na watu wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja, wala hakuna bwana mkubwa aliyetangulizwa mbele. Picha yake ya 1956 iliyoko New York inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Pombe siisifu, na rangi nzuri haiitakasi. Lakini mtu huyu aliona kazi na mila za kwao zastahili kutazamwa.

Sasa pita madukani Mjini uone wanachouza vijana wetu: simba, twiga, Mmasai. Simba alikanyaga lini Uroa? Hapa mama zetu hufukia makumbi mchangani miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda hadi wakapata usumba wa kusokotea kamba. Maji yakitoka, huonekana safu za vijiti na kamba za mwani. Hayo yote yanachoreka bila ya uso wa kiumbe, na mwanangu, wewe mwenye brashi, umeyapita asubuhi hii ukienda kumchora simba.