MC Balo alipoamua kuitwa Baloji

Kabla ya muziki tuongee juu ya jina, maana kwa huyu bwana mambo yote yanaanzia pale. Hapa Uganda, na kule Kenya na Tanzania, ukisema balozi watu wanaona mtu wa suti ndani ya gari lenye bendera. Kwetu Kongo mulozi ni mchawi, na balozi ni wachawi, wakiwa wengi. Baloji ni neno hilohilo kwa matamshi ya Katanga na Kasai. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba zamani neno hilo lilimtaja mtu mwenye elimu, mjuzi wa mambo, halafu wakati wa ukoloni na misheni maana ikaharibika, likabaki la uchawi tu.

Sasa fikiria mtoto amezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anapewa jina hilo, kisha akiwa bado mdogo kabisa babake anamchukua na kumpeleka Ubelgiji, mamake anabaki. Wabelgiji hawajui Baloji maana yake nini. Shida ya jina inamngoja nyumbani.

Alianza kurapu angali kijana katika mji wa Liège, ndani ya kundi la Starflam. (Lisome kinyumenyume: malfrats, yaani wahuni kwa Kifaransa. Vijana wa Bwaise wanaopinduapindua maneno kila siku wangecheka sana.) Kule aliitwa MC Balo. Starflam walikuwa na jina kubwa Ubelgiji, hasa baada ya albamu yao Survivant ya mwaka 2001. Nimeisikiliza yote na kusema kweli haikunikaa. Ni rap ya Kifaransa iliyotengenezwa vizuri, kama nyingi za miaka ile, na Balo ni sauti moja kati ya sauti nyingi. Ukiniwekea wimbo bila kuniambia ni nani, nisingejua kwamba mmoja wao alitoka kwetu.

Ninakaa kidogo juu ya hilo Balo kwa sababu kukata jina ni jambo ninaloliona kila wiki. Ninafanya kazi na vijana wakimbizi hapa Bwaise. Kijana anaingia shule, baada ya muhula mmoja ana jina la Kiganda. Anatafuta nyumba ya kupanga, anajiita jina lingine tena. Silaumu mtu. Jina la kwenu linaleta maswali, na kuna siku hata sisi kwa sisi linaleta maswali mabaya zaidi: huyu ni wa kabila gani, wa upande gani. Basi wanalikata, wanabaki na nusu. Ukienda nao studio, ile ya trei za mayai ukutani, wanataka biti iliyopakuliwa bure mtandaoni na sauti ya kijana wa Atlanta. Na jamaa anaweza! Ila ukizima muziki ukamuuliza amesema nini, anaangalia chini.

Balo aliondoka Starflam mwaka 2004 na akataka kuacha muziki kabisa. Kilichomrudisha ni barua. Mamake, ambaye hawakuwa na mawasiliano kwa miaka mingi, alimwandikia kutoka Kongo. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, Hotel Impala, ni jibu la barua hiyo: mtoto anamweleza mama miaka yote ambayo hakuwepo. Hapo ndipo Balo alirudi kuwa Baloji, jina zima, kwenye jalada.

Hotel Impala ina soul nyingi, imepangwa vizuri, ila masikio yangu yanasikia mtu anayeongea na Kongo kwa simu. Ni albamu iliyofuata, Kinshasa Succursale, iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka 2011, inayofanya nimweke juu ya marapa wengine wote wa Kongo walioko Ulaya. Alichukua nyimbo zake za Hotel Impala, akaenda nazo Kinshasa, akazirekodi upya kwa siku chache tu pamoja na wanamuziki wa kule. Watu wanapita haraka juu ya jambo hilo. Wimbo umekwisha, umetoka, umesifiwa, na wewe unaupeleka kwa watu wa nyumbani unawaambia: haya, uvunjeni. Prodyuza wengi wa Ulaya hufanya kinyume. Wanakata kipande cha rumba, wanakipachika kama ua kwenye shati. Hapa gitaa na ngoma za Kinshasa ndizo zinaongoza, na rapa anakimbia nyuma yake akitafuta pa kuingilia.

Sikiliza Karibu ya Bintou. Amewaita Konono N°1, kundi la marehemu Mingiedi Mawangu, wazee wanaopiga likembe kwa umeme na maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma vya gari. Likembe ile inakwaruza, ina kelele ndani yake, fundi wa sauti wa kawaida angeisafisha. Wao wameiacha hivyo, na inafanya kazi yote ambayo besi ya kompyuta ingefanya. Kila nikiupiga wimbo huu pale kituoni, hakuna kijana aliyewahi kuniambia hii si hip hop.

Halafu kuna Le jour d'après, ambao pia una jina la Kiswahili, Siku ya Baadaye. Ameushika wimbo wa Grand Kallé na African Jazz, Indépendance Cha Cha, uliozaliwa Brussels mwanzoni mwa 1960 wakati wa Mkutano wa Meza Duara, na akauendea miaka hamsini baadaye akiuliza tumefika wapi. Wazee wetu wanausikia ule wa zamani wanafurahi, wengine wanasimama kucheza. Yeye anaingia katikati ya furaha hiyo na hesabu ya yaliyofuata. Ni jeuri kidogo. Inahitajika.

Ila nina ugomvi naye. Succursale maana yake ni tawi, kama tawi la benki. Kama Kinshasa ni tawi, makao makuu yako wapi? Labda ni mzaha wake, lakini mashairi yanajibu swali: mengi sana ni ya Kifaransa, na Kifaransa kigumu, cha mtu aliyesoma vitabu. Kiswahili kinasimama mlangoni, kwenye majina ya nyimbo. Vijana wangu waliokuja Kampala wadogo Kifaransa kimewapotea. Wana Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Inabidi nikae kando nawatafsiria mstari kwa mstari, na rap ya kutafsiriwa inapoa kama ugali. Hapa hapa Kampala Bataka Squad walishikilia Luga Flow, kurapu kwa Kiganda, wakati wengi waliona Kiingereza ndicho chenye heshima. Babaluku wao aliishi Kanada, na hata hivyo alirudi na Kiganda chake. Baloji angeweza.

Baadaye alianza kushika kila kitu mwenyewe: muziki, mavazi, kamera. 64 Bits and Malachite ya 2015 inaweka kompyuta na jiwe la kijani la shaba ya Katanga katika jina moja, na mtu wa Kolwezi haitaji maelezo. 137 Avenue Kaniama ya 2018 ni anwani ya mamake Lubumbashi. Ni ndefu, inachosha kidogo katikati.

Na mwaka 2023 akapeleka filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, huko Cannes, ikapata tuzo ya sauti mpya katika sehemu ya Un Certain Regard. Koffi anarudi Kongo kutoka Ubelgiji na mchumba mzungu mwenye mimba. Katika mkusanyiko wa familia anapewa mtoto mchanga ambebe, anatokwa damu puani, damu inamdondokea mtoto. Imetosha, ni mulozi. Wahusika wanne wa filamu hii wote wameshabandikwa neno hilo kwa njia yao, na kwa kila mmoja Baloji alitengeneza muziki wake kabla, ili kumjua. Wanne ni wengi kwa filamu moja. Tshala, dada yake Koffi, anastahili filamu yake mwenyewe.

Lakini Paco, mtoto wa mtaani mwenye genge la watoto waliovaa magauni ya waridi, huyo sikumsahau. Kwetu watoto wanafukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja, na wengine wanavuka nalo mpaka. Tulipoitazama pamoja, sehemu ya damu ya pua ilipofika chumba kizima kilinyamaza. Kisha kijana mmoja, ambaye tangu aje kwetu anatumia jina la Kiganda, akaomba turudishe nyuma aione tena.