Pongezi kwa Wasomi wa Dini

Wapo wanaouliza shahada ya dini inamlisha nani. Wakitazame Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, Kenya, alifundisha dini kuanzia 1964 hadi 1974. Enzi hizo vitabu vingi viliziita imani za babu zetu ushirikina. Kitabu chake cha 1969 kilizichambua kama dini kamili, zenye sala, matambiko na fikra kuhusu wakati. Nadharia yake kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na dhana ya wakati ujao wa mbali ilipingwa vikali, tena kwa haki. Baadaye mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, naye aliwashutumu wasomi kama Mbiti kwa kuichora miungu ya Kiafrika kwa sura ya Mungu wa Wakristo. Atatokea wa kusema basi elimu hii ni ubishi mtupu. La hasha! Kabla ya hapo Waafrika mara nyingi walisimuliwa tu na wengine; hapa walibishana wao kwa wao, kwa ushahidi, juu ya mambo yao. Na wanaohofia kwamba usomi huu unaua imani wajue kuwa Mbiti alikuwa kasisi wa Kianglikana, na baadaye alihudumia usharika wa Burgdorf, Uswisi, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern.