Binti Asiyekuwamo Patata: Kuisoma "Nguzo Mama" kutoka Eldoret

Tangu Penina Muhando alipoitoa tamthilia yake "Nguzo Mama" mwaka 1982, wahakiki wameikabili hasa kwa swali moja: kwa nini wanawake wa kijiji cha Patata, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane, wanashindwa kuisimamisha nguzo yao? Jibu lililozoeleka ni kwamba wamekosa umoja. Jibu hilo si la uongo, maana utengano wao umeonyeshwa waziwazi, lakini ni jepesi mno. Kabla ya umoja kuna suala la mali, na hilo wahakiki wetu hulipita mbio.

Katika tamthilia, mali inajitokeza kwa nguvu pale mjane anaponyang'anywa vitu na ndugu wa marehemu mumewe. Hata hivyo, tuitazame nafasi anayosimamia mama huyu: anadai kwa kuwa alikuwa mke wa fulani. Binti anayedai shamba la babake kwa kuwa ni mtoto, pasipo kupitia kwa mume, hayumo. Si haki kumlaumu sana mwandishi kwa hilo. Aliandikia Tanzania, ambako ardhi ilikuwa mali ya umma. Msomaji wa Uasin Gishu, nchi ya ngano na mahindi ambako ekari zina hati na bei, hana budi kuuliza nguzo hiyo itachimbiwa katika shamba la nani.

Swali hilo liliwahi kujibiwa papa hapa Eldoret, mahakamani. Katika shauri la Rono dhidi ya Rono, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2005, marehemu aliyefariki mwaka 1988 alikuwa ameacha wake wawili, watoto wa kiume na wa kike, na ardhi ya ekari 192. Nyumba ya pili ilikuwa na mabinti watupu. Mahakama Kuu ilikuwa imempa kila mwana wa kiume ekari 30 na kila binti ekari 5, mojawapo ya hoja zake ikiwa kwamba mabinti huenda wakaolewa. Mahakama ya Rufaa iliutengua mgawanyo huo na kuwasawazisha watoto wote. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamtaja mtoto. Haimbagui wa kike, wala haiulizi kama ataolewa.

Ekari 25, basi, zilining'inia kwenye kitenzi. Hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na yuko atakayesema kwamba Kiswahili hakikuwamo. Lakini lugha yetu ndiyo iliyoliweka wazo hilo wazi kuliko nyingi: mume huoa, mke huolewa. Jozi hiyo tunaitoa darasani kama mfano safi wa kauli ya kutendwa, kisha tunasonga mbele. Mimi mwenyewe nimeitumia miaka mingi bila kuitilia shaka. Mahakama Kuu iliitia katika wakati ujao, na wakati ujao ukawa hoja: ataolewa, basi apunguziwe. Kaka yake naye ataoa, na kuoa kwake hakukumpunguzia hata robo ekari.

Jirani hapa, kwa Wanandi, mila inamruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, naye akahesabiwa kuwa mume. Hapo sarufi yetu inapinduka: mwanamke anaoa. Wapo wanaoishangilia mila hii kuwa ni ushahidi wa uhuru wa mwanamke. Mimi nasita. Amepewa kauli ya kutenda ili apatikane mwana wa kiume wa kuirithi mali ya nyumba yake. Kama anao mabinti wa kuwazaa mwenyewe, hao wamebaki palepale walipokuwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeagiza kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Kisheria, binti ninayemzungumzia amekwisha kupata mahali pa kusimama. Katika fasihi ya Kiswahili bado ninamtafuta. Mjane tunaye, mke anayepigwa tunaye, kahaba tunaye tele hata tumechoka naye. Asiyeolewa, anayesimama penye mpaka wa shamba la babake akazihesabu ekari zake kwa sauti mbele ya kaka zake, sijakutana naye.