Nani Ahesabiwe? Posho ya Familia katika Riwaya ya Sembène Ousmane

Uhakiki wa riwaya za migomo umeelekea kuzingatia mno mgongano wa matabaka na kusahau kile hasa kinachodaiwa. Makuli wa Zanzibar katika Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, kwa mfano, huchambuliwa zaidi kama kielelezo cha mwamko wa kitabaka. Hali hiyo imeikumba pia Les bouts de bois de Dieu (1960) ya Sembène Ousmane, inayosomwa sana kwa Kiingereza kama God's Bits of Wood. Makala haya yanadai kwamba kiini cha riwaya hii ni swali moja: familia ya mfanyakazi ni nani, na nani mwenye mamlaka ya kuihesabu?

Mgomo halisi wa reli katika Afrika Magharibi ya Kifaransa ulianza tarehe 10 Oktoba 1947 na kumalizika tarehe 19 Machi 1948, ukihusisha wafanyakazi wapatao 20,000. Dai lake kuu lilikuwa muundo mmoja wa ajira, utakaowatoa maelfu ya Waafrika katika daraja la wasaidizi wasio na haki kamili. Sembène, aliyepata kuwa kuli wa bandari mjini Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi, anayapa uzito mkubwa madai ya ustawi: pensheni, likizo yenye malipo na, juu ya yote, posho ya familia. Kwa uteuzi huo, mgogoro unatoka karakana na kuingia jikoni, ambako maji na chakula vimekatika.

Katika mazungumzo ya Thiès, mkurugenzi Dejean anaikataa posho hiyo kwa hoja ya ndoa za mitala. Kwake yeye, kuilipa ni kuwatambua wake ambao machoni pake ni vimada tu. Hivyo basi, hoja ya fedha inageuka kuwa hukumu juu ya utu. Lahbib na Bakayoko wanaelewa kwamba anayeamua nani ni mke ndiye anayeamua nani ale.

Hata hivyo, Sembène hawaachii wanaume jibu. Mazungumzo yanapovunjika, wanawake wanatembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar, wakiongozwa na Penda. Huyu si mke wa mtu, na jamii yenyewe inamdharau kama kahaba; ndiye pia aliyekabidhiwa kazi ya kugawa chakula cha wagomaji. Maimouna, kipofu, naye yumo safarini. Penda anauawa kwa risasi mlangoni mwa Dakar, akipigania posho ambayo orodha yoyote, iwe ya reli au ya chama, isingemtaja. Kejeli hii inawagusa Dejean na wagomaji kwa pamoja.

Ni hapa ambapo anwani inapata uzito wake. Watu huhesabiwa kama vijiti vya Mungu kwa kuwa kuwahesabu waziwazi ni kuwafupishia maisha, imani isiyo ngeni kwa jamii kadhaa za Kenya ambako kuhesabu watoto ni mwiko. Haki za kazi, kwa upande wake, haziwezekani bila hesabu. Riwaya inaudai uhesabuji huo na papo hapo inaukumbusha kwamba hautoshi.

Udhaifu wake uko katika ushindi wa mwisho, unaokuja kwa wepesi kuliko ulivyokuja katika historia: makubaliano ya Machi 1948 hayakutimiza madai yote, na sheria ya kazi ya makoloni ya Ufaransa ilipatikana mwaka 1952. Licha ya hayo, mhakiki anayeishia kwenye ushindi huo hajamsoma Penda. Chama kinachotetea ustawi wa wanachama wake, riwaya inaonya, hakina budi kujiuliza ni nani aliyeachwa nje ya daftari.